Tanki kubwa au dogo? Jibu kwa kijana wa Mafinga anayetaka kupoza kompyuta kwa maji

Swali lenyewe, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo kaka. Naunganisha mashine ya kurenda michoro ya nyumba (kuigeuza iwe picha kamili), nataka prosesa na kadi ya grafiki zote zipozwe kwa maji. Keisi ni ya saizi ya kati, rejeta nshapata mbili, ya milimita 360 inakaa juu na ya 240 inakaa mbele. Nimekwama kwenye tanki, kile kichombo cha kuwekea maji ya mzunguko. Fundi mmoja huku kaniambia nichukue lile refu kabisa la nusu lita maana maji yakiwa mengi mashine inapoa zaidi, mwingine kasema tanki sio lazima hata kidogo. Na nikichukua, la kioo au la plastiki? Mashine itakuwa inasafiri kati ya Mafinga na Iringa kila baada ya miezi kadhaa. Naomba unisaidie kabla sijatuma hela."

Marahaba mdogo wangu, kamwene. Umefanya la maana kuuliza mapema, mana hapa Mwanjelwa, Mbeya, wengi wananijiaga tanki lishafika, wameshalitoa kwenye boksi, wanalipima kwenye keisi na haliingii, af wananiangalia mimi utadhani nlishiriki kulinunua.

Tuanze na huyo fundi wa kwanza. Sio mjinga huyo, hata mi nlikuwa naamini hivohivo mwanzoni, na ukifikiria harakaharaka inaingia akilini kabisa, maji mengi ubaridi mwingi. Sasa tupige hesabu, ya dukani tu sio ya chuo. Mashine yako ikikaza kurenda tuseme prosesa na kadi kwa pamoja zinakula wati 400, na wati zote hizo zinageuka joto linaingia kwenye maji. Lita moja ya maji kuipandisha digrii moja inataka kama jouli 4,200. Mzunguko wenye rejeta za kutosha maji yake yanapanda tuseme digrii 12 juu ya joto la chumba af yanatulia hapo, hayapandi tena. Sasa we ukiacha tanki la robo lita ukachukua la nusu lita, umeongeza robo lita ya maji, na hiyo robo lita kupanda digrii 12 inameza jouli kama 12,600 basi. Gawa kwa wati 400, mana wati moja ni jouli moja kwa sekunde. Sekunde 31 na ushee.

Yani ile hela yote ya ziada na ile nafasi yote kwenye keisi imekununulia joto la nusu dakika. We unarenda masaa sita usiku kucha. Hata ungeunganisha ndoo nzima ya lita 20 pembeni ya meza (na kuna jamaa aliwahi kuniuliza hilo akiwa serious kabisa) kwa hesabu hiyohiyo unapata kama dakika 42, baada ya hapo ndoo nayo imepata moto wake na umerudi palepale. Maji mengi yanachelewesha kupanda, ila kule yatakakofika ni kulekule, na kitu pekee kinacholitoa joto nje ya keisi ni rejeta na feni zake.

Ukipita ule mlima wa Kitonga njia ya Dar, utaona malori yamepaki pembeni kichwa kimefunguliwa mvuke unatoka. Hujawahi kuona dereva anasema tatizo kile kichupa cha kulanti (maji ya kupozea injini) ni kidogo, wacha nikanunue kikubwa. Anaangalia rejeta imeziba wapi, feni inazunguka au haizunguki, pampu ya maji imekufa au vipi. Sasa tanki la kompyuta ndo kile kichupa. Kazi yake ipo na ni muhimu, ila kupoza sio kazi yake.

Na huyo fundi wa pili naye hajakosea, ila kakueleza nusu. Kweli unaweza kuishi bila tanki, unaweka fitingi ya njia tatu karibu na pampu, njia moja unaipandisha kimpira kifupi hadi juu unakiziba kwa kifuniko, hapo ndo unajazia maji. Inafanya kazi. Nlishawahi kufanya hivo kwenye kikeisi kidogo sana cha mteja wa Uyole ambacho hakikuwa na pa kuweka kitu kingine chochote. Kujaza kulichukua mchana mzima, unamimina kijiko, unasubiri povu lipande, unamimina kijiko kingine, na hewa iliendelea kutoka wiki mbili zaidi. Kwa mtu anayejenga mara ya kwanza sikushauri hata kidogo, utaichukia kompyuta yako kabla haijawaka.

Kwa hiyo tanki linafanya nini? Linakupa mlango wa kumiminia maji, linaipa hewa sehemu ya kupanda na kutulia badala ya kuzunguka na maji, na hili ndo kubwa kuliko yote, linahakikisha mdomo wa pampu una maji muda wote. Hizi pampu tunazotumia, D5 na DDC, hazijui kuvuta maji kutoka chini kama ile pampu ya kisimani, zinasukuma tu kilichowafikia. Na beringi yake inalainishwa na hayohayo maji, hamna grisi wala oili humo. Ukiiwasha kavu unaisikia inalia kama unasaga mchanga, ukiiacha hivo ndo basi tena. Sasa ndo maana tanki lazima likae juu ya pampu, au pampu iwe imefungwa chini ya tanki moja kwa moja, kama simtank kwenye mnara wake, maji yanashuka yenyewe kwa uzito wake.

Udogo nao una mwisho wake, usije ukanisoma ukakimbilia kile kikopo cha mililita 80. Tanki likiwa fupi sana, maji yanayorudi yanaingia kwa nguvu yanagonga yanazalisha mapovu, na mapovu kabla hayajapata muda wa kupanda yanavutwa chini na pampu yanaenda kuzunguka tena, utasikia mashine inachurura kama mtu anakunywa soda kwa mrija kwenye glasi iliyoisha. Na usawa wa maji ukiwa chini, pale juu ya tundu la pampu panatokea kile kikimbunga unachokiona kwenye sinki likiwa linaisha maji, kinashuka mkia hadi kwenye pampu na kinaingiza hewa. Mi nliwahi kulala nimeacha mashine inajaribiwa usiku, kwenye fitingi moja maji yalikuwa yanatoka tone moja moja ambayo sikuyaona, hadi asubuhi usawa ulikuwa umeshuka vidole vitatu hivi na hicho kikimbunga kinacheza katikati ya tanki, pampu inalia. Ilipona, ila tangu siku ile kila tanki nnalofunga nachora mstari mdogo kwa maka peni kwenye usawa wa maji, ukipita asubuhi unatupia jicho tu. Matanki mengi mazuri yanakuja na kisponji au kipande cha plastiki chenye umbo la msalaba cha kuweka chini kuvunja hicho kikimbunga. Usikitupe ukidhani ni cha kufungashia.

Kwa mashine yako mi ningechukua la bomba, yani lile la duara lililosimama, kipenyo milimita 60 hivi, urefu sentimita 15 hadi 20, linabeba robo lita au zaidi kidogo, na liwe limeunganishwa na pampu chini yake kama kitu kimoja. Hilo la kuunganishwa nakazia, kwa sababu linakupunguzia fitingi mbili na kipande cha mpira, na kila fitingi ni sehemu moja zaidi ya kuvuja, na suala la tanki kuwa juu ya pampu linakuwa limejimaliza lenyewe. Alphacool ya Ujerumani wanazo, Bykski na Barrow za China wanazo kwa bei inayovumilika. Lile la kuingia kwenye nafasi ya CD keisi nyingi za siku hizi hazina hata hiyo nafasi, liache. Na yale mabapa makubwa ya kupendeza ambayo maji yanapita kwenye mifereji ndani ya plastiki, mazuri mno kwenye picha, sibishi, ila yanatengenezwa kwa keisi fulani tu, ni ghali, na yana oringi (kile kimpira cha kuzibia) ndefu inayozunguka pembe zote, ikikaa vibaya sehemu moja utafungua skrubu ishirini. Mashine ya tatu au ya nne labda.

Kabla ya kioo na plastiki kuna swali ambalo hukuuliza na ndo linalowaumiza watu, litakaa wapi. Rejeta yako ya 240 iko mbele na feni zake. Watu wanapenda kufunga tanki juu ya feni za mbele kwa sababu bano zake zinaingia kwenye matundu ya feni ya milimita 120, sasa umefunga bomba nene mbele ya feni inayovuta hewa ya rejeta, umeinyima pumzi, af unashangaa kadi ina digrii nyingi. We lifunge kwenye ukuta wa pembeni ya mazabodi (ile bodi kuu) au kwenye sakafu ya keisi mbele ya kadi. Chukua rula, pima kutoka mwisho wa kadi ya grafiki hadi kwenye feni za mbele, na kadi uipime ikiwa imeshavaa bloku ya maji (kile kipande cha chuma maji yanamopita kubeba joto), sio ile picha ya mtandaoni. Pima na kimo pia, kutoka sakafu ya keisi hadi chini ya rejeta ya juu, na juu ya tanki bakiza angalau sentimita 5 mana lazima mkono na chupa viingie kujaza. Nshaona tanki limefungwa safi kabisa limenyooka, kifuniko chake kiko nusu sentimita chini ya rejeta, kukifungua lazima ung'oe rejeta. Mwenyewe alikuwa ameshajaza maji.

Haya, kioo au plastiki. Kioo kile cha borosilikati hakichubuki, hakibadiliki rangi, unakisafisha kwa chochote na baada ya miaka mitano kinang'aa kama siku ya kwanza. Akriliki, yani ile plastiki inayoona ndani, inachubuka, na ina adui mmoja ambaye watu hawamjui, spiriti. Kuna mteja aliniletea mashine tanki lake lina nyufa nyembamba nyembamba kama utando wa buibui zimeanzia kwenye matundu ya fitingi, anasema haijaanguka haijagongwa. Nikamuuliza unaisafisha na nini, akasema spiriti ya duka la dawa kila Jumamosi, anaipangusa vizuri tu na pamba. Ndo hiyo. Akriliki ikiwa na mkazo, na pale kwenye nyuzi za fitingi ndo kuna mkazo mkubwa, ikikutana na alkoholi inapasuka taratibu kwa ndani. Tulikuwa tumekaa tunaangalia na tochi ya simu, ukisogeza mwanga unaziona zile nyufa zinametameta kama magamba ya dagaa. Lilikuwa halijavuja bado, ila hamna wa kulaza kompyuta ya mamilioni chini ya kitu kile. Maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo na kitambaa laini, inatosha.

Pamoja na hayo yote wewe nakwambia chukua akriliki. Mashine inasafiri, na barabara naijua. Kioo kwenye buti la basi, na kijana wa mizigo ambaye anakutupia begi bila kuangalia, hapana. Chukua lenye ukuta mnene na vifuniko vya juu na chini viwe vya ile plastiki ngumu nyeusi ya asetali, huwa wanaandika POM, hiyo haipasuki kizembe kwenye nyuzi. Angalia pia kama kifuniko kuna sehemu ya chuma inayogusa maji, kama ni alumini iliyopakwa rangi achana nalo, mana bloku zako ni shaba na shaba na alumini zikioga maji mamoja alumini inaliwa. Hiyohiyo kagua na rejeta zako, muuzaji akuhakikishie ni za shaba. Na kila ukisafiri mwaga maji yote kwanza. Hapo ndo utakumbuka kuweka koki ndogo sehemu ya chini kabisa ya mzunguko, inagharimu kidogo sana siku ya kujenga, na usipoiweka siku ya kumwaga unapindua keisi nzima kwenye beseni.

Nyuzi za fitingi zote ni G1/4, zinazibwa na oringi sio kwa tepu ya mafundi bomba, usizungushe ile tepu nyeupe humo. Unakaza kwa vidole mpaka oringi inabanwa, af kidogo tu basi. Ukikaza kwa spana unapasua akriliki na utasema ulipewa mbovu.

Pampu nakuchagulia D5, ni nzito na kubwa kidogo kuliko DDC ila haipati moto sana na ina kelele ndogo. DDC ina msukumo mkubwa kwa umbo lake dogo ila inataka kupozwa yenyewe tumboni, kwenye keisi finyu inaleta usumbufu. Ikiwa ni ile ya kuzungusha namba 1 hadi 5, namba 3 inakutosha, huna haja ya kuipeleka mwisho, maji yakizunguka lita 4 kwa dakika mambo yako sawa na zaidi ya hapo unanunua kelele.

Maji. Yale yaliyosafishwa kwa mvuke, huku mtaani tunayaita maji ya betri, ila shika chupa mwenyewe soma, mana wauzaji wengine ukisema maji ya betri anakupa asidi. Weka na dawa ya kuzuia kutu na ya kuzuia ukungu, au nunua kabisa yale yaliyochanganywa tayari kwa kompyuta. Ya rangi nzito kama maziwa yanapendeza ila yanaacha tope kwenye bloku. Kulanti ya gari acha, ni sumu na ina utamu, kwenye nyumba yenye watoto na mbwa haina sababu ya kuwepo.

Na kwa vile uko Mafinga nikuongezee hili ambalo kwenye video za Wazungu hulisikii. Sisi tuko juu, Mbeya mjini ni kama mita 1,700 na nyie huko mko juu kuliko Iringa mjini, hewa yetu ni nyepesi, karibu moja ya tano pungufu ukilinganisha na ya Dar. Feni ikizunguka mara ileile inasukuma hewa pungufu ya uzito, kwa hiyo rejeta inafanya kazi kidogo chini ya ilivyoandikwa kwenye boksi. Ila baridi yetu inafidia na chenji inabaki, mwezi wa saba chumba kikiwa na digrii 14 maji yako yatacheza kwenye 26, mtu wa Dar anaota tu. Na usiogope umande ndani ya mashine, maji yanayopozwa kwa rejeta na feni hayawezi kushuka chini ya joto la chumba chenyewe.

Siku ya kujaza, usiwashe kompyuta. Kwenye pawa saplai chomoa nyaya zote za vifaa vingine, acha pampu peke yake, kwenye ile plagi ya pini 24 unaunganisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, hapo swichi ya nyuma ndo inakuwa ya kuwashia pampu. Tandaza toilet pepa chini ya kila fitingi, nyeupe, mana tone likidondoka unaliona. Mimina kwa ile chupa ya tomato yenye mdomo mwembamba hadi tanki lijae, washa sekunde mbili tatu, maji yatashuka ghafla kama yamemezwa, zima kabla hayajafika kwenye tundu la chini, mimina tena, washa tena. Mara ya kwanza utarudia kumi, kumi na tano. Yakitulia, inamisha keisi taratibu mbele, nyuma, kushoto, utasikia hewa inatoka kwenye rejeta inabwabwaja na kupanda kwenye tanki, hilo ndo tanki linakulipa hela yake. Mwisho bakiza nafasi ya hewa kama upana wa kidole juu, maji yakipata moto yanatanuka kidogo, usijaze hadi shingoni ukafunga. Na ule mpira wa kurudishia maji mdomo wake uwe chini ya usawa wa maji, ukiwa juu utakuwa unalala na sauti ya bomba lililoachwa wazi. Iache pampu peke yake masaa 24, toilet pepa ikiwa kavu kesho yake ndo urudishe nyaya zingine.

Hivo vipimo viwili, kadi hadi feni, na sakafu hadi rejeta ya juu, nitumie kwa milimita, nikuangalizie kama la sentimita 20 linaingia au ubaki na la 15. Usitume hela kwanza. Ndaga.